Kuondoa programu za matangazo kwenye kompyuta bila kuifomati

Jioni moja ya Jumamosi mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliniletea kompyuta yake ya mkononi, akaiweka mezani ikiwa bado inawaka, akasema: "Papa, mashini inafungula vitu yenye sikuomba." Chini ya kioo, upande wa kulia, visanduku vidogo vilikuwa vikipanda kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kilisema kompyuta ina virusi vitano, cha pili kilionyesha picha ya kamari, cha tatu kiliahidi simu ya bure, na kabla hajafunga kimoja kingine kilikuwa kimeshafika. Alikuwa amekwisha kupita kwa fundi mwingine, naye alimwambia lile ambalo wengi huambiwa katika mji wetu: acha mashini hapa, tuifomati, yaani tufute vyote vilivyomo na kuweka Windows upya. Ndani ya mashini hiyo ilikuwamo kazi yake ya kumaliza masomo, kurasa zaidi ya sitini ambazo hazikuwa zimehifadhiwa mahali pengine popote. Tulimaliza tatizo lake kwa muda usiofika nusu saa, na hakuna faili lake hata moja lililoguswa.

Naandika mwongozo huu kwa sababu nimewaona wengi waliopoteza kazi za miaka kwa dawa kali kuliko ugonjwa. Programu ya matangazo ni programu, au kipande cha programu, kinachoingia katika kompyuta ili mtu fulani apate fedha kila unapoonyeshwa tangazo au unapolibofya. Haina haja ya kuharibu mafaili yako. Inachotaka ni kompyuta iendelee kufanya kazi nawe uendelee kukaa mbele yake. Ndiyo maana mara nyingi haizami ndani kabisa ya Windows, bali hukaa pale unapopita kila siku, yaani katika kivinjari, iwe ni Chrome, Edge au Firefox. Tena kufomati kwenyewe si tiba ya hakika: ukiingia upya katika akaunti yako ya Google baada ya kufomati, Chrome inaweza kukurudishia viendelezi, yaani programu ndogo za ndani ya kivinjari, vyote ulivyokuwa navyo, pamoja na kile kibaya, na siku hiyo hiyo matangazo yakaanza tena.

Usidhani pia kwamba ni usumbufu wa macho tu. Kila tangazo linapakuliwa kwa mega ulizonunua, na kompyuta yenye matangazo huweza kumaliza forfait, yaani kifurushi chako cha intaneti, hata kama mwenyewe hukufungua ukurasa wowote.

Kabla ya kugusa chochote

Nakili kazi zako kwanza. Chomeka flashi au diski ya nje, nakili hati, picha na kila kitu usichoweza kukitengeneza tena, lakini usinakili visakinishi, yaani mafaili yanayoishia kwa .exe au .msi, kwa kuwa huenda kimojawapo ndicho kilicholeta tatizo. Chaji betri hadi ijae, au ufanye kazi hii saa ambazo umeme wa SNEL huwa umetulia katika mtaa wenu, kwa sababu baadhi ya hatua zitawasha kompyuta upya na si vizuri zikatwe katikati. Ikiwa kivinjari kimevurugika kiasi kwamba kila kiungo kinakupeleka kwingine, pakua zana utakazozihitaji kwenye kompyuta nyingine unayoiamini, uzilete kwa flashi.

Liko pia suala la lugha. Kompyuta tunazotumia Lubumbashi zimetoka pande mbalimbali: nyingi zilizopita mpakani Kasumbalesa zina Windows ya Kiingereza, na zile zilizoletwa kutoka Ubelgiji au Ufaransa zina Windows ya Kifaransa. Nikikuambia ubofye neno fulani, huenda kwako limeandikwa vingine. Kwa hiyo nitatumia kadiri niwezavyo amri fupi ambazo hazibadiliki katika lugha yoyote. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kisanduku kidogo kitafunguka upande wa chini kushoto, andika amri, kisha bonyeza Enter.

Hapo wengi hukwama, na sababu yake ni kibodi. Ikiwa vitufe vyako ni vya AZERTY lakini Windows imepangwa kwa QWERTY, utaandika appwiz na kioo kitaonyesha qppziw. Si kosa la kompyuta wala si virusi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na upau wa nafasi ili ubadilishe mpangilio wa kibodi, kisha andika tena.

Matangazo yanatoka wapi?

Kaa kwanza uangalie, kwa sababu mahali tangazo linapotokea ndipo panapokuonyesha linapokaa. Visanduku vikipanda pembeni mwa kioo, hata unapoandika hati na kivinjari kimefungwa, karibu kila mara hizo ni arifa za tovuti uliyoiruhusu bila kujua. Matangazo yakitokea ndani ya kurasa tu, au utafutaji wako ukipelekwa kwenye injini usiyoifahamu, mshukiwa wa kwanza ni kiendelezi. Yakitokea katika vivinjari vyote, hata katika kile ambacho hukukitumia kwa mwezi mzima, au dirisha likifunguka lenyewe kila baada ya muda ule ule, basi iko programu iliyosakinishwa katika Windows yenyewe. Tovuti moja ikiwa imejaa matangazo kwenye kompyuta yako, kwenye ya jirani na kwenye simu vilevile, matangazo hayo ni ya tovuti hiyo, na hakuna cha kuondoa katika mashini yako.

Arifa ndizo zinazonijia kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo nitakaa nazo kidogo. Mtu anatafuta mahali pa kutazama mechi, au filamu, au kitabu cha bure cha PDF. Ukurasa unafunguka na picha ya roboti, na maandishi yanamwambia abofye Autoriser, au Allow kwa Kiingereza, ili athibitishe kwamba yeye ni binadamu. Jaribio la kweli la kutofautisha mtu na roboti halihitaji kamwe ruhusa ya arifa. Kinachoombwa hapo ni haki ya kukuletea ujumbe wakati wowote, hata ukiwa umeondoka katika ukurasa ule. Mtu akibofya, programu ya kukinga virusi haitaona chochote, kwa kuwa hakuna faili lililoingia. Ndiyo sababu watu hupima kompyuta mara tatu, zana inasema kila kitu ni safi, na visanduku vinaendelea kupanda.

Kuziondoa ni rahisi. Katika Chrome, andika kwenye upau wa anwani chrome://settings/content/notifications kisha bonyeza Enter. Katika Edge badilisha neno la kwanza liwe edge. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa kutuma arifa. Kwa yule mwanafunzi zilikuwa kumi na moja, na majina ya nyingi yalikuwa herufi zilizorundikwa bila maana yoyote. Bofya nukta tatu zilizo mbele ya kila jina usilolitambua, kisha uliondoe au ulizuie. Halafu, juu ya ukurasa huo huo, chagua kwamba tovuti zisiruhusiwe kuomba kutuma arifa. Mimi huzizima zote, kwa sababu sijakutana na mtu aliyepungukiwa na kitu kwa kukosa arifa za tovuti kwenye kompyuta. Katika Firefox, andika about:preferences#privacy, shuka hadi sehemu ya ruhusa, fungua mipangilio ya arifa, futa orodha, kisha weka alama kwenye kisanduku kinachozuia maombi mapya.

Ukurasa unaojaza kioo chote, ukipiga king'ora na kukuambia upige simu kwa wahandisi wa Microsoft, ni wizi. Microsoft haiweki namba ya simu katika onyo la virusi. Usipige, usibofye hata alama ya kufunga iliyochorwa ndani ya ukurasa. Shikilia kitufe cha Esc au bonyeza F11 ili utoke katika kioo kizima, kisha Alt pamoja na F4. Ikikataa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua kivinjari katika orodha, ukifunge kwa nguvu. Utakapokifungua tena kitakuuliza kama kirudishe kurasa zilizokuwa wazi. Kataa.

Programu zilizoingia katika Windows

Bonyeza Windows na R, andika appwiz.cpl. Orodha ya programu zote itafunguka. Bofya kichwa cha safu ya tarehe ya usakinishaji ili zilizoingia mwisho zikae juu, kisha jiulize matangazo yalianza lini. Programu za matangazo hupenda kuja kwa makundi: utakuta tarehe moja ina programu ya kusoma video uliyoitaka mwenyewe, na pamoja nayo kuna "kiongeza kasi", "kisafisha rejista" na upau wa utafutaji ambao hukuuomba. Ondoa hizo ambazo hukuziomba, moja moja.

Soma kila dirisha linalofunguka wakati wa kuondoa, kwa maana baadhi ya programu hizi hugeuza maneno ya vitufe, kitufe kikubwa chenye rangi kikiwa cha kubakiza na maandishi madogo ya kijivu yakiwa ya kuondoa. Usiguse vitu vyenye majina ya Microsoft Visual C++, Intel, Realtek, AMD au NVIDIA, kwani bila hivyo sauti, kioo au programu zako nyingine zinaweza kukataa kufanya kazi. Jina usilolijua lisikufanye uondoe kwa hofu. Litafute kwanza kwenye simu. Ukimaliza, washa kompyuta upya kabla ya kuendelea.

Ndani ya kivinjari

Fungua chrome://extensions, au edge://extensions, au about:addons kwa Firefox. Viendelezi ni programu ndogo zinazokaa ndani ya kivinjari, na vingi vinaweza kusoma na kubadilisha kila ukurasa unaoufungua, ukiwamo ule wa barua pepe. Ondoa kila kisichokufanyia kazi unayoijua. Usikizime tu, kiondoe. Ikiwa huna hakika ni kipi kinacholeta matangazo, vizime vyote, ujaribu kivinjari kwa dakika kadhaa, kisha uviwashe kimoja kimoja hadi matangazo yarudi.

Baada ya hapo rudisha kivinjari katika hali yake ya mwanzo: chrome://settings/reset kwa Chrome, na kwa Firefox andika about:support ubofye kitufe cha kukarabati kilicho juu kulia. Hatua hii hurudisha ukurasa wa mwanzo na injini ya utafutaji, lakini haifuti alamisho wala manenosiri yaliyohifadhiwa. Kama umeingia kwa akaunti ya Google katika kompyuta mbili, safisha zote mbili kabla ya kuruhusu usawazishaji uendelee, la sivyo ile chafu itaipelekea ile safi kile ulichokiondoa.

Sasa kuna mahali padogo ambapo wengi husahau kupatazama. Bofya kwa kitufe cha kulia njia ya mkato ya Chrome iliyo juu ya kioo cha mwanzo, chagua sifa zake, kwa Kifaransa Propriétés, kisha soma mstari wa Cible, ambao kwa Kiingereza huitwa Target. Mstari huo unapaswa kuishia kwa chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Mara nyingine, baada ya alama hiyo, utakuta nafasi na anwani ya tovuti, labda iliyosogezwa mbali kulia hata usiione mpaka usukume kiteuzi hadi mwisho wa mstari. Anwani hiyo ndiyo inayofungua ukurasa wa kigeni kila unapowasha Chrome, hata kama mipangilio yote ni sahihi. Ifute, ubofye Appliquer au Apply. Ukiona hapo maneno yanayoanza na --profile-directory, yaache, hayo ni ya Chrome yenyewe. Rudia kazi hiyo kwa ikoni iliyobandikwa kwenye upau wa chini, kwa sababu ni njia ya mkato nyingine kabisa.

Ikiwa chini ya menyu ya Chrome kuna maandishi yanayosema kivinjari kinasimamiwa na shirika lako, simama ufikiri kompyuta ni ya nani. Wengi hapa Lubumbashi wanatumia kompyuta walizopewa na kampuni za madini au na mashirika, na kwa hizo maandishi hayo ni ya haki. Mpelekee mtu wa informatiki wa kazini, usibadilishe chochote mwenyewe. Lakini ikiwa kompyuta ni yako, uliinunua kwa fedha zako na haina mwajiri, basi iko programu iliyojiandikia amri. Andika chrome://policy uone amri hizo. Iwapo kuna ile inayoitwa ExtensionInstallForcelist, ndiyo inayolazimisha kiendelezi kirudi kila unapokiondoa. Zana ninazozitaja hapa chini huweza kuifuta, na ni salama kuliko kuingia kwa mkono katika rejista, yaani hazina ya mipangilio ya Windows, kama hujazoea.

Kupima kwa zana

AdwCleaner ni zana iliyotengenezwa mahsusi kwa programu za matangazo, na tangu mwaka 2016 iko chini ya Malwarebytes. Ipakue kwenye tovuti ya malwarebytes.com peke yake, kwa kuwa zipo tovuti zinazotumia jina lake kuuza uchafu ule ule. Ni faili moja lisilohitaji kusakinishwa, kwa hiyo linakaa vizuri kwenye flashi. Funga kazi zote, lifungue, anza kupima, kisha uisome orodha kabla ya kukubali. Inavyoviondoa huviweka kwanza katika karantini, na ukigundua kwamba kitu cha haki kimechukuliwa unaweza kukirudisha. Kompyuta itawashwa upya.

Kisha tumia kinga ya Windows yenyewe, Microsoft Defender, ambayo haikugharimu kitu. Windows na R, andika windowsdefender: pamoja na nukta mbili za mwisho. Katika sehemu ya kinga dhidi ya virusi, fungua chaguo za upimaji, uchague ule unaofanyika nje ya mtandao, Microsoft Defender Offline. Kompyuta itazimika, itawaka katika mazingira ambamo Windows bado haijaamka, na itapima kwa takriban dakika 15. Hapo ndipo ile betri niliyokuambia uijaze inapohitajika.

Usisakinishe programu mbili au tatu za kukinga virusi kwa pamoja ukidhani ulinzi utaongezeka. Zinagombana, kompyuta inakuwa nzito, na mwenye kompyuta huishia kuzizima zote.

Ikiwa bado matangazo yanarudi

Tazama mahali patatu. Kwanza, proksi, yaani seva ya kati inayopitisha mawasiliano yako: Windows na R, andika ms-settings:network-proxy. Ikiwa seva ya proksi imewashwa na hukuwekewa na kazini wala chuoni, izime, kwa sababu huenda mawasiliano yako yote yanapita kwa programu inayochomeka matangazo njiani. Pili, kazi zilizopangwa: andika taskschd.msc, fungua maktaba iliyo upande wa kushoto, utazame kazi moja moja na kile inachokiendesha. Kazi inayofungua kivinjari pamoja na anwani ya tovuti, au inayoendesha faili lililo katika folda ya AppData lenye jina lisilosomeka, izime kwanza badala ya kuifuta, uone kama dirisha lile la kila saa litakoma. Tatu, faili linaloitwa hosts katika C:\Windows\System32\drivers\etc, ambalo hufunguka kwa Notepad. Mistari inayoanza na alama ya # haina nguvu; mistari mingine inayotaja Google au tovuti za kampuni za kukinga virusi haipaswi kuwapo.

Manenosiri

Mwaka 2015 ilijulikana kwamba baadhi ya kompyuta za mkononi za Lenovo zilikuwa zimeuzwa zikiwa na programu iitwayo Superfish, iliyoweka cheti chake ndani ya Windows ili iweze kuingiza matangazo hata katika kurasa zilizofungwa kwa usimbaji. Cheti hicho kilifungua mlango ambao mwizi yeyote aliyeujua angeweza kuupita. Nakumbuka jambo hilo kila ninaposikia mtu akisema kwamba matangazo hayana ubaya. Ikiwa kompyuta yako ilikuwa na kiendelezi kilichosoma kurasa zako zote, badilisha nenosiri la barua pepe kwanza, kisha ya benki na mitandao ya kijamii, na ufanye hivyo baada ya kusafisha au kutoka katika kifaa kingine, maana ukibadilisha kabla ya kusafisha unampa mwizi nenosiri jipya.

Kuzuia yasirudi

Mlango mkubwa kuliko yote katika mji wetu ni programu zilizovunjwa, yaani za kulipia zilizoondolewa kufuli ili zitumike bure. Mtu ananunua kompyuta, fundi anamwekea Windows na Office kwa kutumia kiamshaji cha wizi, yaani programu inayozifanya zionekane zimelipiwa, na kiamshaji hicho kinaanza kwa kuomba kinga ya virusi izimwe. Fikiri kidogo: mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia amekuja kufanya nini? Najua Office ya kweli ina bei isiyoshikika kwa mwanafunzi wa Kasapa, kwenye kampasi ya chuo chetu, na simlaumu aliyekosa. Lakini LibreOffice ni ya bure kabisa, inafungua na kuhifadhi hati za Word, na nimewaona wanafunzi walioandika kazi zao zote kwayo. Kwa picha kuna GIMP, kwa video VLC, kwa mafaili yaliyobanwa 7-Zip.

Zichukue kwa wenyewe: libreoffice.org, gimp.org, videolan.org, 7-zip.org. Usiandike tu jina la programu katika injini ya utafutaji na kubofya tokeo la kwanza, kwa sababu tokeo la kwanza mara nyingi ni tangazo lililolipiwa. Hata tovuti kubwa za kupakulia haziaminiki daima. Mwaka 2015 SourceForge ilishutumiwa na watengenezaji wa GIMP kwa kutoa kisakinishi cha GIMP kilichofungiwa matoleo ya watu wengine ndani yake.

Wakati wa kusakinisha, acha haraka ya kubofya Suivant, Suivant, Suivant, au Next kwa Kiingereza. Ukiona chaguo la usakinishaji maalumu, kwa Kifaransa Personnalisée, lichague badala ya lile linalopendekezwa, kwa kuwa hapo ndipo visanduku vilivyokwisha kutiwa alama vinapoonekana: kubali upau huu, badilisha ukurasa wa mwanzo, sakinisha na programu ile. Toa alama zote.

Katika Windows 10 na 11 kuna ulinzi ambao wengi hawajui kwamba upo. Fungua tena windowsdefender: nenda katika udhibiti wa programu na kivinjari, ingia katika kinga inayotegemea sifa, uwashe uzuiaji wa programu ambazo huenda hazitakiwi, visanduku vyote viwili, cha programu na cha vipakuliwa. Kinga hii inalenga hasa aina hii ya programu tunayoizungumzia.

Kwa kivinjari, weka kiendelezi cha kuzuia matangazo: uBlock Origin katika Firefox, au uBlock Origin Lite katika Chrome. Itakupunguzia mitego, na pia itakuokolea mega nyingi, jambo ambalo utaliona mwenyewe wiki ya kwanza.

Masasisho nayo hayakwepeki. Wengi wetu tumeweka muunganisho wa Wi-Fi wa simu kuwa wenye kipimo ili Windows isile mega, na ni sawa, lakini basi tenga siku moja kwa mwezi, mahali penye mtandao wa bei nafuu, uiruhusu ijisasishe. Kompyuta zenye Windows 7 haziungwi mkono tangu tarehe 14 Januari 2020, na Chrome mpya haifanyi kazi humo. Windows 10 nayo ilifika mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa mtu binafsi anaweza kuandikisha kompyuta yake kupokea masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Ikiwa mashini yako ni ya zamani na haiwezi kubeba Windows 11, fikiria kuweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kwa msaada wa anayeijua. Matangazo ya aina hii hulenga Windows zaidi.

Neno kwa wenye vibanda vya kuchapisha na fotokopi, ambako kompyuta moja hupokea flashi za watu hamsini kwa siku. Tengeneza akaunti mbili: moja ya msimamizi, yenye nenosiri unalolijua wewe peke yako, na nyingine ya kawaida ambayo kazi zote zinafanyiwa humo. Katika akaunti ya kawaida programu nyingi haziwezi kujisakinisha kwa kompyuta nzima bila nenosiri lako. Ukiona folda za mteja zimegeuka njia za mkato, hiyo ni aina nyingine ya virusi na mafaili yake kwa kawaida yamefichwa tu, hayajafutwa. Usimwambie amepoteza kazi, wala usiifomati flashi yake. Ipime kwa Defender, kisha fungua kisanduku cha amri kwa cmd uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kuwa herufi ya flashi hiyo. Kwenye kibodi ya Kifaransa mkwaju wa nyuma hupatikana kwa AltGr na 8. Kwenye ya Kibelgiji uko kwenye kitufe chenye alama < na >, pia kwa AltGr.

Kufomati kuna wakati wake. Kama zana zinagundua kitu kile kile baada ya kila kuwasha, kama Defender inazimwa yenyewe na haiwashiki, au kama Windows iliwekwa kwa kiamshaji cha wizi na hujui nini kingine kilikuja nacho, hapo anza upya, lakini baada ya kunakili kazi zako mahali pawili na kuzifungua moja moja kuhakikisha zimenakiliwa kweli.

Baada ya kusafisha, itumie kompyuta siku mbili au tatu kama kawaida yako, uizime na kuiwasha mara kadhaa, kisha fungua tena chrome://settings/content/notifications na chrome://extensions. Orodha ya kwanza iwe tupu, na ya pili iwe na vile tu ulivyoviweka kwa mkono wako. Kama kuna jina jipya, andika tarehe na saa ulipoliona, urudi katika appwiz.cpl na taskschd.msc kutafuta kilichoingia siku hiyo.